Roho Haioi

Mgeni alifika asubuhi ya karamu ya mto, wakati Ketaki amechutama kizingitini akichora maua kwa unga mweupe. Kabla hajamwona uso aliiona miguu. Miguu mirefu ndani ya makubadhi ya ngozi, imejaa vumbi la barabara ya Pune, ikasimama kando ya ua ambalo lilikuwa bado halijakamilika, kwa uangalifu, isije ikalikanyaga.

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiyaogopa hivyo maua ya unga. Wenyeji wa mji huu wa Wai huyaruka bila hata kuyatazama.

"Rasmus," alinong'ona. "Umefuata nini huku?"

"Wewe. Simu hupokei."

"Nilikwambia ungoje."

"Ulisema utamwambia baba yako mvua zikikatika. Mvua zimekatika, Ketaki. Baridi nayo inaaga."

Akainua macho, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu macho ya Rasmus yalikuwa yaleyale: ya kijivu, yenye subira inayouma. Nywele zake za rangi ya majani makavu zilikuwa zimelala upande mmoja kwa usingizi wa basi. Shati lake refu la pamba lilifuliwa hadi likasahau rangi yake. Ketaki alitaka kumfukuza na alitaka kumshika mkono, yote mawili kwa wakati mmoja, na vidole vyake vilivyojaa unga havikujua viende wapi.

Walikutana katika maktaba ya chuo huko Pune, yeye mwalimu wa Sanskriti, Rasmus Mdenmaki aliyekuja kusoma falsafa ya kale ya Wahindu kwa mwaka mmoja na asiondoke tena. Nyama aliiacha. Kimarathi alikizungumza kwa makosa yaliyowachekesha wauza mboga hadi wakamwongezea giligilani ya bure. Alfajiri aliketi akatafakari, jioni akabishana na Ketaki kuhusu maana ya nafsi. Mapenzi yaliingia katikati ya mabishano hayo, kimya kimya, kama paka anavyoingia jikoni.

"Ondoka kwanza," Ketaki alimsihi. "Nenda kando ya mto, jioni nita..."

"Ketaki, unaongea na nani?"

Baba yake alikuwa mlangoni. Dattopant Pendharkar alikuwa ametoka kuoga, kifua wazi, uzi mtakatifu ukimpita begani, chombo cha shaba mkononi. Siku ya karamu hakuna aliyemgusa kabla hajamaliza ibada zake, na kwa hiyo alisimama kama mtu aliyebeba mayai.

Rasmus hakumgusa. Alipiga magoti mbali kidogo, akaweka paji la uso sakafuni, akasalimu kwa Sanskriti safi, salamu ndefu ya kizamani ambayo hata wanafunzi wa Ketaki huifupisha.

Nyusi za Dattopant zikapanda. "Nani amekufundisha hiyo?"

"Walimu wengi, mzee. Na makosa mengi zaidi."

Mzee akacheka. Ketaki hakuamini masikio yake. Baada ya ibada walikuwa wameketi barazani, baba kwenye bembea ya mbao, mgeni kwenye mkeka, chai ya tangawizi katikati yao. Baba alianza ubeti, mgeni akaumalizia. Baba alitega swali, mgeni akalikwepa, akarudi nalo kutoka upande mwingine. Bembea ilikwenda mbele na nyuma kwa furaha. Kutoka dirisha la jikoni Ketaki alimtazama baba yake akiwa kijana tena, na tumaini likamchoma kama moshi machoni.

"Kumbe ni mwanafunzi wako, Ketaki?" baba aliita. "Mbona hukutuambia una mwanafunzi kama huyu?"

Ketaki alitokeza mlangoni. Rasmus alimtazama mara moja tu, kwa muda mfupi sana, lakini katika mtazamo ule kulikuwa na maktaba yote ya Pune, na mvua zote, na simu zote ambazo hazikupokelewa.

Baba aliuona. Akashusha mguu sakafuni. Bembea ikasimama.

"Mimi si mwanafunzi wake, mzee," Rasmus alisema. Hakuishusha sauti. "Nampenda. Nimekuja kuposa. Najua sina mshenga."

Jikoni kijiko kikaanguka. Mama yake Ketaki, Yamuna, akatoka akijifuta mikono kwa ncha ya sari.

"Mposaji hana mshenga!" alisema. "Na amekuja siku ya karamu, nyumba imejaa sufuria! Kijana, kwenu hakuna kalenda?"

"Yamuna, nyamaza kidogo."

"Nyamaza wewe. Mimi nauliza kalenda tu."

Dattopant alikuwa akimkodolea macho mgeni, na furaha ya asubuhi ilikuwa ikimtoka usoni polepole.

"Wewe ni Mhindu?" aliuliza.

"Ninaishi kwa mafundisho haya, mzee. Sina mengine."

"Sikukuuliza unaishi kwa nini. Kuogelea si kuwa samaki."

"Kwetu Denmark wananiita Mhindu. Mama yangu akinipikia ananiuliza, 'Mhindu wangu atakula nini leo?' Hapa mnaniita mgeni. Sijui nikajiulize wapi, mzee. Nilidhani nikuulize wewe."

Jibu hilo lilimgusa Dattopant, Ketaki aliona. Lakini mzee alikaza uso.

"Kuhani akisimama kukuombea, jina lako halimtoshi. Atakuuliza gotra, ukoo wa yule mtakatifu wa kale uliyetokana naye. Utamwambia nini?"

"Nimesoma kwamba roho haina ukoo."

"Kweli kabisa. Roho haina ukoo." Dattopant akasimama. "Lakini roho haioi."

"Wala haili," Yamuna alisema, "na huyu sura yake inaonyesha hajala tangu jana. Ketaki, mletee kijana wa watu kitafunwa."

*

Nyuma ya nyumba, kando ya mrehani uliopandwa kwenye jukwaa lake la matofali, baba alikuwa akizunguka. Alizunguka hivyo kila alipokuwa na jambo zito. Ketaki alimfuata, akazunguka naye.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, Baba."

"Na mimi nahangaika kukuozesha kwa familia ya daktari wa Satara! Mama yake nimemsifia upishi wako!"

"Ndiyo maana sikupokea simu za Rasmus. Nilitaka kumsahau ili nisikuumize. Nimeshindwa."

Baba alisimama. Alikuwa mtu wa huruma, na huruma ilimsumbua kuliko hasira.

"Ketaki, sikiliza. Mimi si mjinga wa mambo ya zamani. Yule kijana ana akili na ana adabu. Wako waliozaliwa humu mtaani wasiojua nusu ya anachojua. Ukiniuliza kama ni Mhindu, naweza kusema ndiyo. Vitabu vinaruhusu. Asiyeijua gotra yake huhesabiwa wa Kashyapa, kwa sababu Kashyapa ni baba wa viumbe vyote. Mlango upo, na uko wazi."

Ketaki alihisi pumzi ikimrudi. Ikarudi nusu tu, kisha ikakwama, kwa sababu baba hakuwa akitabasamu.

"Na sisi ni gotra gani, mwanangu?"

Akafumba macho. "Kashyapa."

"Haya. Nikisema si Mhindu, siwezi kumpa binti yangu. Nikisema ni Mhindu, ni kaka yako. Wa gotra moja hawaoani, hata kama mmoja kazaliwa kwenye barafu. Niambie wewe niseme lipi."

Mama yake alikuwa amesimama mlango wa nyuma, na bila shaka alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo.

"Kuna njia nyingine," alisema. "Mpwa wa akina Apte alioa Mfaransa. Yule msichana aliasiliwa kwanza na rafiki wa familia, mbele ya moto, akawa mtoto wa nyumba ile. Akapata gotra ya nyumba ile."

"Dini si shuka ya kuazima kwa jirani, Yamuna."

"Mimi nilipoolewa nilibadilishwa gotra kwa asubuhi moja, na hukuiita shuka ya kuazima." Akamgeukia Ketaki, akashusha sauti. "Ila gotra ukishaitamka mbele za watu, maji mkononi, imekuganda. Hakuna kurudi nyuma."

Baba alianza tena kuzunguka. Ketaki alitaka kumwambia mengi: kwamba Rasmus hucheka usingizini, kwamba aliwahi kutembea mji mzima kumtafutia dawa ya mafua, kwamba bila yeye siku zote zinafanana. Hakuna hata moja iliyofaa kusemwa kwa baba. Machozi yakamtangulia.

"Basi sikuombi hilo leo," alisema. "Nakuomba dogo tu. Nanasaheb na wazee wake wa karamu watamuuliza maswali, watamcheka. Amesafiri usiku kucha. Leo asile peke yake, Baba. Hilo tu."

Dattopant alimfuta machozi kwa kitambaa cha begani, kwa ukali kidogo, kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa mdogo.

"Hatakula peke yake. Nimekuahidi. Watampa Kashyapa, ataketi mstarini na watu, atakula vizuri." Akatazama pembeni. "Pengine itakuwa ndiyo salama kwetu sote."

Hapo ndipo Ketaki alipoelewa kwa nini baba aliahidi upesi hivyo: mbele ya mto Rasmus angekuwa kaka yake. Akabaki amesimama kando ya mrehani, miguu ikitaka kukimbia na hakuna pa kukimbilia.

*

Mchana ngazi za mawe zinazoshuka mtoni zilikuwa zimefagiliwa na kuoshwa. Majani ya mgomba yalitandikwa mstari mrefu, chumvi na kipande cha ndimu pembeni ya kila jani, na wanaume wa mtaa waliketi wamekunja miguu, wakinusa samli. Wanawake walisimama na vyombo wakisubiri. Jani la kwanza, lililo karibu kabisa na kiti cha mungu wa kike wa mto, lilikuwa la Dattopant. Lilikuwa la baba yake, na la babu yake. Anayeketi pale ndiye anayeimba dua ya chakula, na kabla hajaimba hakuna anayegusa tonge. Kanuni ilikuwa moja: akiinuka kabla ya karamu kwisha, kwa sababu yoyote, jani linakwenda kwa anayefuata, na halirudi. Anayefuata alikuwa Bwana Gadgil, ambaye maisha yake yote ameketi jani la pili akisubiri Dattopant akohoe.

Ketaki alikuwa ameshika chungu cha samli.

"Dattopant!" Nanasaheb, mkuu wa karamu, alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Mgeni wako huyu mrefu tumweke wapi? Ni Mhindu au si Mhindu?"

"Anajua Sanskriti kukushinda, Nana!" mtu akapiga kelele.

"Hata kasuku wa shemeji yangu anajua!"

"Acheni utani. Mstari huu ni wa Wahindu, na mto unatazama."

"Mwanao yuko Chicago anakula ng'ombe, Nana, na akija unampa jani la tano!"

Kicheko kilipita mstari mzima. Nanasaheb alivimba. "Yule kazaliwa Mhindu!"

"Na huyu kachagua," alisema mzee mmoja aliyekuwa hajasema kitu. "Kipi kigumu?"

Watu wakageuka kumtazama Rasmus. Alikuwa amesimama chini ya jua, mikono imekunjwa kwa heshima, masikio yamekuwa mekundu kama pilipili. Nanasaheb, ambaye hakuwa mtu mbaya na tena alikuwa na njaa, akajikuna kidevu.

"Haya, tusigombane wali ukapoa. Asiye na gotra ni Kashyapa, ndivyo wahenga walivyosema. Mleteni maji. Kijana, chukua maji kiganjani, useme mbele ya mto: mimi Rasmus, wa gotra ya Kashyapa. Halafu uketi hapa kando yangu ule. Umekuwa wetu!"

Wakashangilia. Wengine walipiga makofi. Mtu akaanza kupangusa jani kwa ajili yake, mtu mwingine akasogea kumpisha. Ketaki alimtafuta baba yake kwa macho. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, analainisha jani lake kwa kiganja, analilainisha tena, jani ambalo tayari lilikuwa laini.

Maji yakamiminwa. Rasmus akayapokea kiganjani.

Ketaki alimfahamu mtu huyu. Alijua ni sherehe ngapi alizozitazama akiwa nje ya kamba, ni mahekalu mangapi yaliyomrudisha mlangoni kwa ubao mmoja wa mbao ulioandikwa Wahindu tu. Aliwahi kumwambia, wakinywa chai kando ya barabara, kwamba kitu anachokitamani si wokovu. Anatamani tu siku moja mtu amwambie, keti hapa. Sasa mtaa mzima ulikuwa ukimwambia. Na alijua vilevile gotra ya Ketaki. Alijua kila kitu.

Maji yalikuwa yakivuja kati ya vidole vyake.

Sema, Ketaki alimwambia kimoyomoyo. Sema, upate kwenu. Na papo hapo, kwa nguvu zote za mwili wake: usiseme.

"Naomba radhi, wazee," Rasmus alisema. "Sina gotra."

"Si tumekupa!"

"Mmenipa, na sitasahau hadi nife. Lakini siwezi kuipokea."

"Kwa nini? Unaidharau?"

"Hapana, mzee. Hata kidogo." Hakumtazama Ketaki. Alitazama maji, alitazama mawe, alitazama kila kitu isipokuwa yeye, na kwa kutomtazama kule alimficha kutoka kwa macho ya mtaa mzima. "Sababu ni yangu mwenyewe."

Akafungua kiganja. Maji yakaanguka kwenye jiwe.

Manung'uniko yakapanda. Makofi yaliyokuwa yakipigwa yalipotelea hewani. Nanasaheb alikuwa amekerwa, kama anavyokerwa mtu ambaye zawadi yake imerudishwa, lakini hata hasira haikumfanya amnyime mtu chakula siku ya mto. Aliagiza jani litandikwe juu, ngazi ya mwisho, karibu na mahali walipovulia viatu. Jani moja. Rasmus akashukuru, akapanda, akaketi huku ameupa mgongo mji na uso wake umeelekea mtoni, akakunja miguu yake mirefu kama alivyofundishwa.

Kutoka chini alionekana mdogo.

"Haya, Dattopant," Nanasaheb alisema. "Dua. Watu wana njaa."

Dattopant alifungua kinywa. Hakukutoka kitu. Aliinua macho yakakutana na ya binti yake, kule alikosimama na chungu chake cha samli, na Ketaki hakumwomba lolote. Hakuthubutu. Alitamani hata angeweza kugeuka, ili baba asimwone anavyolia.

Mzee akafunga kinywa. Akashika jani lake kwa mikono miwili, chumvi na ndimu juu yake, akainuka. Magoti yakalia.

"Dattopant!" Nanasaheb alishtuka. "Unakwenda wapi? Ukiinuka jani limepita!"

"Najua kanuni, Nana. Babu yangu ndiye aliyeiweka."

"Basi keti, ndugu yangu! Kwa ajili ya mtu aliyetukataa?"

"Sijainuka kwa ajili yake. Kuna mtu nilimwahidi jambo."

Alianza kupanda ngazi, polepole, akipita nyuma ya migongo ya watu aliowaimbia dua tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Yamuna, aliyekuwa akigawa wali, alisimama na kijiko hewani akamtazama mumewe kama msichana. Bwana Gadgil alitazama jani la kwanza likiwa tupu, akatazama kushoto na kulia, kisha akajisogeza taratibu, kiuno kwanza.

Dattopant alifika ngazi ya juu. Akasukuma kando jozi ya ndara kwa mguu.

"Sogea," alisema.

"Mzee, tafadhali," Rasmus alisema. "Si lazima."

"Usinifundishe lazima." Akatandika jani lake kando ya jani la mgeni, akaketi, goti kwa goti. "Na usidhani nimekubali. Sijakubali kitu."

"Ndiyo, mzee."

"Sijui hata wewe ni nani. Nitafikiri. Naweza kufikiri mwaka mzima."

"Nitangoja, mzee."

Chini, Gadgil alianza dua kwa sauti ya puani, akakosea tuni mstari wa pili. Dattopant alifumba macho kwa uchungu, midomo yake ikautengeneza ule mstari kimya kimya, kwa usahihi wake, kwa ajili yake mwenyewe. Mwanamume aliye kando yake alikuwa akifanya vivyo hivyo. Walipomaliza walitazamana, kisha kila mmoja akatazama jani lake.

Ketaki alikuwa bado amesimama pale pale na chungu chake.

"Ketaki!" baba yake aliita, kwa sauti iliyosikika mstari wote hadi majini. "Mbona samli huku haijafika?"